Mwalimu Rudia

Wanafunzi wa uuguzi walimpachika jina la Mwalimu Rudia kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukifunga bendeji ikalegea, rudia. Ukisahau kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa, rudia, hata kama wenzako wameshakwenda kula. Walimnung'unikia wakiwa chuoni, kisha wakishaajiriwa wanampigia simu kumshukuru.

Kilichomng'oa chuoni ni mtihani mmoja wa vitendo, uliofanyika wodini kwa wagonjwa. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa dada wa mkuu wa chuo, alivuta dawa bila kusoma chupa, na haikuwa dawa ya mgonjwa yule. Mwalimu alimdaka mkono sindano ikikaribia ngozi. Akamfelisha. Mkuu akamwita ofisini, akamtaka abadilishe alama, naye akakataa. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kuhamishiwa stoo ya mashuka.

"Huko utarudia kukunja mpaka uchoke," mkuu alimwambia mbele ya walimu wenzake. Baadhi yao wakacheka.

Alikunja mashuka miezi minne, halafu akaacha kazi na kuweka cherehani sebuleni. Kicheko kile alikwenda nacho nyumbani. Kwa miaka sita alishona sare za watu huku akipanga maneno ambayo angemwambia yule mkuu siku wakikutana, akiyapunguza, akiyaongeza makali.

Siku yenyewe ikaja na miguu yake. Walimu wa chuo walikuwa wamepukutika: huyu kastaafu, yule kapata kazi ng'ambo, na hakuna aliyeletwa kuziba pengo. Wakabaki watatu kwa wanafunzi mia mbili na kumi. Wakaguzi wa baraza la wauguzi walipita wakakuta darasa zima limekaa wiki tatu bila mtu wa kulifundisha. Wakatoa mwezi mmoja: walimu wapatikane, la sivyo chuo kifungwe.

Jumamosi asubuhi hodi ikapigwa. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alikwenda mlangoni na kurudi amekunja uso.

"Dada, ni yule mkuu wako. Nimwambie umehama?"

"Mwambie akae."

Mwalimu alishona upindo wa gauni hadi mwisho, akaufumua, akaushona tena. Mkuu alikaa karibu saa nzima kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, hakuna aliyemkaribisha hata maji.

"Nimekuja kukuomba urudi," mkuu alisema hatimaye. "Nimetafuta kila mahali. Watoto wa watu watarudishwa makwao."

Mwalimu akagundua kwamba yale maneno aliyoyapanga miaka sita hayahitaji tena. Alikuwa na kitu bora zaidi.

"Mimi peke yangu sitoshi," alisema. "Ni wauguzi wangapi wamekalia viti vya ofisini pale chuoni?"

"Wanne. Pamoja na mimi."

"Wote warudi kufundisha. Lakini aliyekaa miaka mingi bila kumgusa mgonjwa nitampima kwanza. Mbele ya wanafunzi, ili wajue hatubahatishi."

Mkuu aliinua macho kutoka kwenye mkoba. Alikuwa ameelewa. "Na mimi?"

"Tutaanza na wewe."

Mgeni alipoondoka, mdogo mtu aliegemea mlango. "Hilo la kupima ni la chuo au ni lako?"

"La chuo." Akakata uzi kwa meno. "Na langu."

Jumatatu ya pili chumba cha mazoezi kilijaa hadi madirishani. Mkuu alisimama mbele ya sanamu la mazoezi akiwa na koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya kabatini. Kazi ilikuwa kusafisha kidonda na kukifunga. Alivaa glavu safi, akanyoosha mkono, na glavu ikagusa ukingo wa kitanda, haikuwa safi tena. Hakuona. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliona.

"Rudia," alisema Mwalimu.

Akavaa glavu nyingine. Safari hii aliokota pamba iliyoanguka nje ya trei.

"Rudia."

Mara ya tatu koleo liligonga trei kama meno ya mtu mwenye homa. Mtu akacheka nyuma ya chumba, na kicheko kikaenea. Mwalimu angeweza kukizima kwa jicho moja tu. Hakukizima. Alikiacha kizunguke, kimfikie mkuu, kimwingie. Roho ya Mwalimu ikaburudika, mtu asidanganye.

"Umefeli," alisema. "Utakaa darasani na mwaka wa kwanza wiki mbili, kisha nitakupima tena."

Alitegemea kwamba mkuu angekwenda kulalamika kwa bodi. Kumbe kesho yake alimkuta benchi la mbele na daftari. Mwalimu hakumwonea huruma. Kila siku swali la kwanza lilikuwa lake, na kila akiyumba aliambiwa arudie kwa sauti. Wale wengine watatu walipimwa wakafaulu, wakagawana madarasa. Wakaguzi waliporudi walikuta kila kundi lina mtu wa kulifundisha, chuo kikaponea chupuchupu.

Mtihani wa marudio mkuu aliufanya bila kosa. Mwalimu alitafuta kosa. Alikodolea macho viwiko, kucha, ncha ya koleo, akitamani walau tone moja limwagike, na halikumwagika. Aliandika "amefaulu" kwa mwandiko mbaya, huku akijisikia kama aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Wanafunzi walipotoka, mkuu alibaki akivua glavu.

"Nilikukosea," alisema. "Kuhusu yule mtoto, na ile stoo. Nilijua uko sahihi hata siku ile."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hilo liliuma kuliko stoo yenyewe. Mwalimu alizipanga karatasi zake, akazipanga upya, akisubiri moyo wake ulegee. Haukulegea.

"Nisamehe," mkuu alisema.

"Nimesikia." Mwalimu akachukua ratiba ya wiki. Katika wodi zote, ya majeraha ya moto ndiyo walimu waliyoikwepa, kwa vilio na harufu yake. Aliandika jina la mkuu hapo, zamu ya kila asubuhi, muhula mzima, akamkabidhi karatasi.

"Una wanafunzi kumi na wanane," alisema. "Saa moja kamili. Usiwacheleweshe."