Karani wa Kuita Majina

Vestina alifika kwenye usaili vyeti vikiwa kwenye bahasha ya kaki na viatu mkononi. Mvua ilikuwa imeipiga njia ya kijijini kwao, Litapunga, mpaka ikawa uji. Aliosha miguu kwenye bomba la nje ya kituo cha afya, akavaa viatu, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa pamoja na waombaji wenzake. Binti yake, Thacienne, alijisogeza kumpisha.

Thacienne alikuwa kwenye benchi hilo tangu masika ya mwaka juzi, alipofia hapo hapo akisubiri kuitwa. Walimzika Litapunga, padri alikuja, watu walikula wali. Kesho yake mhudumu wa usafi alipofungua geti alimkuta keshakaa mahali pake na sweta lake la shule. Alideki chini ya miguu yake, maana ilikuwa haifiki sakafuni, akaendelea na korido.

Kituoni hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa geni. Mgonjwa akishaandikishwa haondoki mpaka aitwe, na Thacienne aliandikishwa, hakuitwa. Mkataba wa karani ulikuwa umekwisha wiki ile na dirisha limefungwa. Nesi alikuwa akichungulia mlangoni mara moja moja na kumchukua aliye karibu, kwa hiyo watu walisukumana. Vestina hakusukuma.

Kwao watoto hawakufundishwa kusukuma. Babu yake alitoka Burundi na godoro kichwani, akapewa shamba. Wajukuu walikuja kupewa uraia. Fundisho la nyumbani halikubadilika: kwenye foleni usipayuke, usimpite mtu, wasije wakasema rudini kwenu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema watu. Wao jembe walilishika vizazi vitatu, na bado walikaa kwenye foleni kama waliofika jana. Hivyo Vestina, mwenye diploma ya maendeleo ya jamii, aliyezoea kubishana na watendaji wa vijiji mpaka wakaomba maji ya kunywa, alimpakata mwanawe anayewaka homa na kumwambia, "Tusubiri, tutaitwa."

"Ego, mama," alikubali Thacienne kwa Kirundi cha nyumbani.

Mama mmoja aliyewapita akielekea mlangoni alimsifu mtoto kwa adabu.

Mlango wa usaili ulifunguka, akatoka kijana aitwaye Gideon, anachekelea.

"Dada, wanauliza kwa nini unataka kazi. Wewe sema uzalendo. Mimi nimeusema mpaka wamechoka."

"Na unaitaka kwa nini hasa?"

"Pikipiki yangu imekufa injini." Akamgeukia Thacienne. "Na wewe mdogo wangu, bado tu?"

"Bado, kaka."

"Pole. Vumilia."

Ndani walikuwepo wawili: Bwana Malale, mwenyekiti wa kamati ya kituo, na nesi mfawidhi, Sista Jeniffer.

"Kazi yenyewe ni ya muda," alisema Malale. "Kuita majina dirishani msimu huu wa malaria. Mkataba ukiisha umeisha, usije kutulilia hapa. Sasa mama, una diploma yako nzuri. Kazi ya kuita watu unaitakia nini?"

Vestina alikuwa amejiandaa. "Nina moyo wa kuihudumia jamii, na pia..."

"Hiyo wameisema wote. Nipe yako."

"Nataka kumuita mwanangu."

Sista Jeniffer alinyoosha shingo kutazama benchi. "Yule wa sweta? Kumbe wa kwako! Mtoto mtulivu yule, hajawahi kutusumbua hata siku moja."

"Si umuite tu mwenyewe?" alisema Malale. "Mama yake si wewe?"

"Nimemuita kaburini, nimemuita hapa. Anasema anamsubiri mwenye kazi."

"Sista, nanyi miaka yote hii hamkumuita?"

"Kuita majina ni kazi ya karani, mwenyekiti, na tangu hapo hajaajiriwa mwingine. Mimi nipo kwenye sindano."

Malale alikubali kwamba ni kweli. Akajikuna kidevu. "Lakini hapo naona mgongano wa maslahi. Mtu akiwa na wake kwenye foleni, atampendelea."

"Nitamuita kwa zamu yake."

"Zamu yake ni ya ngapi?"

"Ya kwanza. Waliofika kabla yake wote mlishawahudumia."

Malale na Sista Jeniffer walinong'onezana, wakaona hesabu haina kasoro.

"Kwenye karatasi nitaandika uzalendo," alisema Malale. "Huko juu ndio wanaouelewa. Uanze Jumatatu."

Jumatatu Vestina alisimama ndani ya dirisha na blauzi nyeupe. Maishani mwake hakuwahi kupaza sauti mbele za watu kwa ajili ya mtu wa kwake. Akakohoa, akaita:

"Thacienne Antoni!"

Mtoto alishuka kwenye benchi. Alinyoosha sketi, akapita katikati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani. "Haya nenda, mwanangu," alisema mzee mmoja, akakisogeza kikapu chake. Thacienne alifika dirishani na kusimama wima.

"Shikamoo, karani," alisema.

"Marahaba," alijibu Vestina. "Chumba namba mbili."

Chumba namba mbili kilikuwa na meza, kiti cha tabibu na kiti cha mgonjwa. Tabibu hakuwepo. Alihamishwa kabla ya masika yale ya mwaka juzi na wa kuziba nafasi yake hakuletwa. Vestina alilijua hilo siku hiyo, akiwa tayari upande wa ndani wa dirisha. Watu wote waliowapita siku ile ya homa, wakiwasukuma na viwiko, waliingia humo, wakapewa panado na Sista Jeniffer, wakaambiwa waende hospitali mjini.

Hata angesukuma.

Aliita jina lililofuata, na lililofuata. Watu walikuwa wengi. Jioni, benchi lilipobaki tupu, alikwenda chumba namba mbili na kumkuta Thacienne kwenye kiti cha mgonjwa, mikono mapajani, anakitazama kiti cha tabibu.

"Twende nyumbani, mwanangu. Humu hakuna mtu."

"Nimeshaitwa, mama."

"Najua. Nimekuita mimi."

"Nikiondoka sasa watasema hatuna adabu."

Maneno yote aliyokuwa nayo Vestina ndiyo aliyokwisha kumfundisha. Alikaa naye mpaka mlinzi alipokuja kufunga, na siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo, mpaka malaria ikapungua na mkataba ukaisha. Malale alimshukuru kwa kuondoa msongamano kwenye benchi. Vestina alirudi Litapunga, kwenye mahindi yake.

Tabibu bado hajaletwa. Dirisha limefungwa tena, na wagonjwa huingia chumba namba mbili wenyewe, bila kuitwa. Kwa kuwa kiti cha mgonjwa ni kimoja, humpakata Thacienne, wakasubiri naye kidogo. Kisha humrudisha kitini polepole, asidondoke, wakatoka kutafuta usafiri wa mjini.