Vetilia wa Mvinyo

Katika ukoo wetu binti hapewi jina, analikuta. Mwanamume wa akina Vetilius akipata mtoto wa kike, huyo ni Vetilia. Akipata wa pili, naye ni Vetilia, na akina mama watajua wenyewe namna ya kuita wasije wote kwa pamoja. Mimi ni Vetilia Mdogo. Dada yangu alikuwa Vetilia Mkubwa. Binti wa baba mdogo Spurius naye ni Vetilia, na kwa kuwa alizaliwa na madoadoa usoni tulimwita Madoa, wala hakununa.

Roma nzima ililijua jina letu, na ililijua kwa mema. Yuko Vetilia aliyelinda moto wa mungu wetu Vesta tangu utoto mpaka uzee bila kuuacha uzimike. Yuko Vetilia aliyekata nywele zake zisokotwe kamba wakati Wagauli wameuzingira mji. Yuko yule aliyemfungia mlango mumewe aliyekimbia vitani, akamwambia kupitia dirishani kwamba mume wangu amefia huko, wewe ni nani? Tulilelewa kwa hadithi zao mpaka zikatuchosha. Ukimwaga uji, unaulizwa kama Vetilia wa Moto alikuwa akimwaga uji.

Halafu akaja dada yangu, naye akaitwa Vetilia wa Mvinyo. Nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja kisimani akimtisha bintiye kwa jina hilo, na mtoto akanyamaza hapo hapo. Nilirudi nyumbani bila maji. Siku hiyo niliapa kwamba waliomfanyia dada yangu vile watakuja kulitapika wenyewe, hadharani, na mimi nikiwa nimesimama pale pale nawatazama.

Kwetu mwanamke haonji mvinyo. Ndugu yeyote wa kiume, awe baba, kaka au binamu wa mbali, akikukuta ana haki ya kukubusu mdomoni asikie pumzi yako ikoje. Wenyewe wanaita hiyo salamu. Mume anayemfukuza mke lazima arudishe kila alichokuja nacho, lakini mke akinuka mvinyo harudishiwi kitu, na ukoo wake ndio unaomhukumu. Dada yangu alikwenda kwa mumewe Papius na shamba zuri la mizeituni. Papius alimchoka mke, shamba hakulichoka. Baba mdogo Spurius naye alikuwa anagombea cheo, na watu wa Papius walikuwa wengi kwenye kura. Basi asubuhi moja baba mdogo akapita nyumbani kwa dada kumsalimia, akambusu, akatoka nje akitangaza kwamba binti wa kaka yake ananuka kama pipa.

Ukoo ukakutana. Baba yangu, Manius Vetilius, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha hakimu. Akamuuliza binti yake umekunywa wapi. Dada akatazama chini. Akamuuliza tena, dada kimya. Baba ni mtu wa kambini, kwake askari anayenyamaza amekiri. Wakamfungia kwenye ghala la nyumba bila chakula wala maji, na baba akakaa na ufunguo kiunoni mpaka mle ndani mkawa kimya. Wanaume wakamsifu sana kwa moyo wake mgumu. Jina la dada likapigwa marufuku mezani kwetu. Mimi nilikuwa bado nachezea mwanasesere.

Nilikuja kujua baadaye, nilipoolewa. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, wake na mabinti wa nyumba kubwa hukusanyika kwa ibada ya Mama Mwema. Mwanamume haruhusiwi, hata jogoo hufukuzwa, hata picha ya mwanamume ukutani hufunikwa shuka. Kabla hujaingia unaapa kwamba utakayoyaona hutamwambia mwanamume aliye hai, hata akikuua. Nikaapa. Wakaleta chombo kilichofunikwa wanachokiita mtungi wa asali, wakanimiminia kikombe cha kile wanachokiita maziwa. Nikatazama ndani ya kikombe. Maziwa yalikuwa mekundu.

Nilimgeukia mke wa baba mdogo, aliyekaa karibu yangu. Nikamuuliza, "Mama, dada yangu alibusiwa asubuhi gani?"

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kiapo ni kiapo."

Hakuniangalia usoni. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia. Walijua wote, ukumbi mzima, wake wa mahakimu na mama zao. Walijua dada yangu alitoka kwenye ibada na pumzi ya Mama Mwema mdomoni, na kwamba alinyamaza mbele ya baba kwa sababu aliapa, akafa kwa njaa na kiapo chake kikiwa kizima. Nao waliomiminiwa mtungi ule ule walikwenda zao kuoga. Maana ndiyo desturi: asubuhi ile wanawake hupita moja kwa moja kwenye maji ya moto, hutafuna majani ya kotimiri, na wanaume hujifanya wana shughuli mpaka mchana, hawambusu mtu. Mwenye mke anajua ni kwa nini. Baba yangu hakuwa na mke. Mama alifariki kwa kunizaa mimi, na kabla ya hapo baba alikuwa vitani. Yeye alidhani wanaume hujitenga kwa heshima ya ibada tu, si kwa katazo.

Kumwambia nisingeweza, nilikuwa nimefungwa kwa kamba ile ile iliyomfunga dada. Jambo lile lilitakiwa litoke kinywani mwa mwanamume, na mwanamume niliyemtaka alikuwa mmoja tu.

Nikasubiri. Nilicheka kwenye karamu za baba mdogo, nikamsifia vazi lake la toga, nikamwacha anibusu na pua yake ile ndefu aliyojipatia nayo cheo. Watu walikuwa wakimwita Mlinzi wa Maadili, na alipenda kuitwa hivyo. Kisha ikaja habari kwamba anamwoza Madoa. Anamwoza kwa nani? Kwa Papius. Shamba la mizeituni la dada yangu lingepata Vetilia mwingine wa kulitembelea. Papius alikuwa na safari ya Sisilia mwisho wa mwezi, kwa hiyo uchumba ungefungwa haraka, adhuhuri ya siku inayofuata ibada, wanawake wakishaoga na kula.

Nilipeleka mjumbe shambani kwa baba. Nilimwambia aseme hivi: Spurius anaomba baraka za kaka mkubwa, njoo mapema, ulale kwangu. Akaja juu ya punda, mzee, mkavu, mgongo bado umenyooka.

Madoa ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye ibada. Nilikaa naye. Nilimmiminia mwenyewe, na kikombe kilipokwisha nilimwongeza.

"Dada, kichwa kinaniimbia," aliniambia akicheka.

"Kiache kiimbe."

Asubuhi wenzetu, mama yake mbele yao, walipokata kona kwenda kuoga, mimi nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja kwao. Alikuwa anaimba njiani. Nilimpenda yule mtoto, nataka hilo lieleweke. Nilimpenda na sikuuachia mkono wake. Baba nilimkuta mlangoni, kama nilivyomwelekeza.

Ukumbini baba mdogo alikuwa amekaa na Papius, na watu wa Papius wamejaa kwenye mabenchi wakingojea salamu za asubuhi. Alipotuona alisimama haraka.

"Mbona mapema hivi? Nendeni mkaoge kwanza."

"Tutaoga, baba mdogo," nikasema. "Ila baba amefika, hajamsalimia bibi harusi."

"Kaka! Kaa kwanza, upate kitu cha moto. Watoto wamechoka."

"Aliyechoka ni mimi niliyepanda punda," baba akasema. "Njoo, mwanangu."

Madoa akaenda, akainua uso wake wa madoadoa, baba akambusu. Nilimwona baba akiganda. Akavuta pumzi tena, polepole, kisha akamsogeza kwa mkono mmoja.

"Mvinyo," akasema.

Papius akajichekesha. "Labda siki ya kachumbari, mzee."

"Kijana, nimelala na walevi kwenye hema moja tangu hujaota meno. Huu ni mvinyo, tena mzuri." Akamgeukia Madoa. "Umekunywa wapi?"

Madoa akanitazama mimi. Kisha akatazama chini.

"Nimekuuliza, mtoto. Wapi?"

Machozi yalimtoka lakini mdomo hakuufungua.

"Wangu naye alinyamaza hivi hivi," baba akasema. "Spurius, ita ndugu waje. Ghala lako lina komeo?"

"Kaka, tusikimbilie huko. Ni mtoto."

"Wangu alikuwa mzee?"

"Amekunywa kidogo tu, hata harufu haisikiki."

"Mimi nimesikia. Kwa binti yangu ulinishauri bila kupepesa macho, leo na mimi nakushauri. Leta ufunguo."

Papius alishaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Baba mdogo akanitazama, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini maji ya kuoga yalikuwa bado yanachemka bure. Nikamsogelea.

"Baba mdogo, pua yako inajulikana mji mzima," nikamwambia. "Hebu mnuse na wewe. Labda baba amezeeka."

"Nyoka wewe," akasema kwa sauti ya chini.

"Mnuse."

Baba alikuwa ameshamshika Madoa kiwiko na anamvuta kuelekea nyuma ya nyumba, kwa upole, kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Madoa akaanza kuita, "Baba. Baba." Hakusema neno jingine. Baba mdogo alifungua mdomo akaufunga, akawatazama wale watu kwenye mabenchi, kura zake zote zile. Walipofika kwenye pazia akapasuka.

"Wametoka kwa Mama Mwema! Wanakunywa huko, wote wanakunywa, toka zamani. Kila mwenye mke Roma anajua. Ndiyo maana asubuhi ya leo hatuwabusu. Mwachie mwanangu."

Baba alimwachia. Alisimama pale pazia likiwa begani mwake, na nikamwona akihesabu kwa midomo, anarudi nyuma mwaka kwa mwaka.

"Kila mwenye mke," akasema. "Wewe una mke, Spurius."

Baba mdogo akamvuta mwanawe upande wake.

"Wangu ulimbusu asubuhi gani?"

Hakujibu, na watu wote ukumbini walisikia jinsi alivyokosa kujibu. Kabla ya jua kugeuka habari ilikuwa sokoni, na ya dada yangu ndiyo iliyosimuliwa kwanza. Nayasimulia hata mimi sasa kwa sababu kiapo kiliwafunga wanawake, na aliyekivunja ana ndevu.

Baba alinijia uani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ulijua?"

"Tangu nilipoolewa."

"Ukaniacha?"

"Niliapa, baba. Na yeye aliapa. Wewe peke yako hukuwa umeapa, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwako."

Alitaka kunishika bega, nikasogea. Siku ile alikwenda kwenye uwanja wa mji akamsimamisha kila mpita njia, anayemjua na asiyemjua, akimwambia kwamba binti yake Vetilia hakuwa na kosa. Kisha akapanda punda akarudi shambani, akakataa kula. Watu wa shambani walinitumia habari nikambembeleze. Sikwenda, naye akafa. Nilitaka wote watatu walipe, na yeye alikuwa wa tatu. Baba mdogo alianguka vibaya kwenye uchaguzi, akawa hawezi kupita mtaani bila vijana kushika pua zao. Papius alirudisha shamba, na mpaka leo hakuna baba Roma anayempa mke. Kisimani husikii tena Vetilia wa Mvinyo. Wanamwita Vetilia wa Kiapo, na humtaja pamoja na wale wengine, yule wa Moto na yule wa Nywele. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala.

Baadaye Madoa alikuja kwangu. Nilimwekea kiti, hakukaa.

"Ulinimiminia ukijua," akasema.

"Nilijua."

"Na kama baba angenyamaza? Angechagua kura zake, mimi nikafungiwa?"

"Asingenyamaza. Anakupenda."

"Sijakuuliza ananipenda. Nimekuuliza kama angenyamaza, wewe ungesema?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amesimama na mikono yake pembeni, na madoadoa yake, na jina langu.

"Ningekulilia," nikamwambia.

"Kama ulivyomlilia yeye?"

"Kama nilivyomlilia yeye."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Ameolewa sasa, mbali, Kapua, na ana binti. Mtoto huyo amepewa jina la ukoo wa baba yake, na mimi sijaitwa kumwona.