Mabano Yaliyorukwa

Saa tisa mchana Chapuchapu alikuwa wodini, ameketi kando ya kitanda cha baba yake, akiitazama mashine ya dripu na kujiona mtu. Muuguzi alipoiwasha, kioo kilionyesha toleo jipya la programu, na ndani ya toleo hilo kulikuwa na kazi ya mikono yake. Baba hakuweza kunyamaza.

"Programu ya mashine hizi kaandika binti yangu," alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Wewe lala tu. Dawa ikiisha, yenyewe itapiga kengele."

Jirani akajifunika, akalala.

Baba alitia chumvi kidogo. Programu ile ni huria: wanaoiandika wametapakaa huku na huko, wengi hawajuani hata kwa sura. Ndiyo maana wana kanuni za namna ya kuandika, ili kila mmoja aweze kusoma kazi ya mwenzake. Mlinzi wa kanuni hizo ni mzee waliyempachika jina la Mabano, na Mabano hana muhali. Utamletea kazi ya wiki nzima, airudishe kwa nafasi moja iliyozidi. Kubwa kwake ni hili: kila "ikiwa", yaani sharti linalopewa kompyuta, ifungiwe maagizo yake ndani ya mabano, hata agizo likiwa moja.

Kazi ya Chapuchapu ilirudishwa mara tatu. Binti yule, ambaye jina lake hakulipata bure, akangoja mzee aende likizo, akampelekea msimamizi mwingine asiyependa maneno mengi. Ikapita siku hiyohiyo. Alitamba wiki nzima.

Sasa simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mabano, amerudi kutoka likizo.

"Mwanangu, hujambo? Hebu tazama mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Toleo hili limeshaanza kutumika mahali?"

Chapuchapu aliufungua mstari huo simuni akiwa na jibu la kejeli tayari. Ikiwa muuguzi amebonyeza kitufe: andika saa. Chini yake, mstari umepangwa sawia: zima kengele. Mabano hayakuwepo. Kwa jicho la mtu, maagizo yote mawili yalikuwa ya ile "ikiwa". Kwa kompyuta, pasipo mabano, ni la kwanza tu. La pili hutekelezwa kila mara, kitufe kibonyezwe kisibonyezwe, na kengele huzimwa kabla haijalia. Nyumbani alipojaribu, alibonyeza, kengele ikawa kimya, akaridhika. Hakuwahi kungoja aone kama italia.

Akainua macho haraka. Mfuko wa baba ulikuwa bado nusu.

"Dada," alimwita muuguzi, "mashine hizi hazitalia."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyeziharibu."

Muuguzi alimtazama kama anayempima homa kwa macho. Kisha akaacha alichokishika, akaenda kitanda cha pili. Mfuko ulikuwa umesinyaa. Kwenye kioo maandishi mekundu yalisema dawa imekwisha, na mashine kimya. Midomo ya jirani ilikuwa imebadilika rangi.

"Dawa hii ndiyo inayoushikilia moyo wake," alisema muuguzi, si kwa Chapuchapu hasa, akamwita daktari.

Pazia likavutwa. Chapuchapu akasimama nje ya pazia, akisikia mifuko ikipasuliwa na jina la mgonjwa likiitwa tena na tena. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, hataki kukutana naye macho, na hilo lilimuumiza kuliko tusi.

Hatimaye sauti nyonge ya jirani iliomba maji. Muuguzi akatoka, jasho likimtiririka, akapita kitanda hadi kitanda akikagua mifuko kwa macho.

Chapuchapu alimwandikia Mabano: "Limeshaanza kutumika, mzee. Nisamehe."

Jibu likaja papo hapo. "Lawama baadaye. Nalirekebisha sasa hivi. Wewe nipe majina ya hospitali zote, tuzipigie simu."

Akaandika jina la hospitali ile. Akangoja akili imletee la pili. Programu huria huchukuliwa na yeyote, bila hodi wala kuaga, na hakuna anayejua imefika wapi.

"Zipi nyingine?" Mabano aliuliza.