Mji Chini ya Kisima cha Njechele

Jua liko utosini Njechele Mtulia anapojilaza kwenye kivuli chembamba cha mnara wake wa mbao, magunia chini ya mgongo, kofia usoni, akimwambia Mfaume, msimamizi wake, kwamba anafumba macho kidogo tu na mtambo usisimame. Mtambo hausimami. Unagonga ardhi ya Namakongoro kwa keekee ya chuma nene kama paja la mtu, du, kimya, du, kimya, kama ulivyogonga miaka mitatu mfululizo, tangu kampuni ya wapimaji wa Kizungu ilipokunja mahema na kusema bonde hili halina mafuta, ni lami kidogo tu inayotoka jasho kwenye mawe. Njechele alikuwa fundi wao wa boila. Waliondoka wakamwachia mtambo mbovu uliokwisha kuliwa na kutu, naye akabaki nao, akautengeneza kwa misumari na mabati, akawaita watu wa bonde akawaambia kwamba mtu mweusi wa kwanza kuchimba mafuta katika nchi hii anaitwa Njechele, na kwamba siku yatakapotoka atajenga hospitali pale penye mikorosho na shule kule ng'ambo ya mto. Watu walimpenda kwa maneno hayo. Mdogo wake, Makwinya, alimpenda zaidi ya wote, akaacha shamba lake la mpunga akaja kushika sururu.

Makwinya alifia humo kisimani, katika shimo la sururu ambamo keekee hugonga, miezi minane iliyopita. Keekee ilikwama chini, akateremka yeye kwa sababu alikuwa mwembamba, kamba kiunoni, na walikuwa wamekubaliana kwamba hewa ikichafuka atavuta kamba mara tatu naye kaka yake atampandisha. Njechele aliwaambia watu kwamba kamba haikutikisika hata kidogo. Ndivyo alivyomwambia pia Siwatu, mke wa marehemu, naye Siwatu akaitikia kwa kichwa, akakaa eda yake, na eda ilipokwisha akarudi kuwapikia vibarua, maana hakuwa na kwa kwenda.

Du, unagonga mtambo. Kimya. Du. Na safari hii kimya kinarefuka, kinarefuka mpaka Njechele anaona amekosea kusikia, anataka kuinuka amkaripie Mfaume, lakini magunia chini yake yamelainika kama uji na mgongo wake unazama, na ardhi inampokea bila ugomvi, udongo mwekundu, kisha mweupe, kisha ule wa kijivu unaonuka yai viza, tabaka anazozijua moja moja kama ajuavyo vidole vyake, naye anapita katikati yake bila kujikwaruza, mpaka anasimama kwa miguu yake miwili juu ya barabara. Barabara ni nyeusi, laini, haina alama ya gurudumu wala kwato. Kulia kwake kuna mji, taa zinawaka mchana kweupe, na mbele ya mji kuna dimbwi pana lililotulia, na ndani ya dimbwi kuna mji uleule, umepinduka chini juu. Anatembea kuuendea. Anatembea sana. Mji uko kulia. Anakata kona, mji uko kulia. Anageuka akirudi alikotoka, na bado mji uko kulia, na sasa haoni tofauti kati ya ule uliosimama na ule uliopinduka, wala hajui yeye mwenyewe amesimama upande upi wa maji.

Mbele yake ametokea mtu aliyevaa kaki za wapimaji, mnyororo wa kupimia umezungushwa mkononi. Hana uso. Mahali pa uso pana kitu kama kitako cha chungu kipya, kimefinyangwa vizuri, hakina tundu. Njechele haogopi, na kutoogopa kwake ndiko kunakomshtua. Anamuuliza, Bwana, barabara hii inakwenda wapi? Yule mtu anasema, Inakwenda kule kunakokimbiwa na kila anayeipita. Na mafuta yako wapi? Yako mbele ya anayeyatafuta na nyuma ya aliyeyapata. Nieleze kama mtu mzima, anasema Njechele, mimi nimechimba miaka mitatu, sikuja kuchezewa. Basi fumbua hiki, anasema yule mtu huku akiukunjua mnyororo wake barabarani: nina mdomo sisemi, nina koo silewi, nimemmeza mtu mzima na bado nina njaa. Njechele anajua jibu. Jibu limemjaa kinywani kama kokoto, lakini halitemi. Anasema, Sijui. Yule mtu anauvuta mnyororo, na barabara inaongezeka urefu, hivihivi mbele ya macho yake, kama unga wa chapati unaosukumwa.

Anatembea tena, na safari hii mji unamruhusu kuingia. Langoni pameandikwa jina lake kwa herufi kubwa, NJECHELE, na roho yake inaruka kwa furaha kama ya mtoto, maana mji ni ule aliouchora kichwani kila siku alipokuwa akigeuza nati na kupaka girisi. Hii hapa hospitali, vitanda vimepangwa, mashuka yanameta, hakuna mgonjwa hata mmoja. Hii hapa shule, madawati mapya, ubao umefutwa, hakuna sauti. Anafungua mlango wa nyuma wa shule na kujikuta anaingia hospitalini, anafungua mlango wa hospitali na kujikuta barabarani, na watu wanapita na taa za kandili mikononi, juu ya kila bega kichwa kisicho na uso, wote wanainama kwa heshima. Shikamoo Bwana Mafuta. Marahaba, marahaba. Mwanamke mmoja anakaanga maandazi kando ya njia, mafuta yake meusi tititi, anamwinulia andazi moja kwa kijiti na kumuuliza kwa upole, Bwana Mafuta, siku ile mkono wako ulisikia nini? Haukusikia kitu, anajibu Njechele. Mtaa unarefuka. Kinyozi anapunga wembe wake, Karibu Bwana Mafuta, kaa, hivi siku ile mkono wako ulisikia nini? Sikusikia kitu. Mtaa unarefuka tena, nyumba zinajizaa, hospitali ya pili, ya tatu, ya kumi, zote tupu, zote na jina lake, na kila anayemsalimu anauliza lile lile bila kelele wala hasira, kama mtu anavyoulizia bei, na kila akijibu sikusikia kitu mji unazidi kumpa majumba, mpaka Njechele anachoka kuumiliki. Anaketi kwenye ngazi za shule ya kumi na ngapi sijui. Anamwona tena mtu wa mnyororo amesimama kando yake. Nitoe hapa, anamwambia. Yule mtu anasema, Mlango wa kutokea ni ule usiotaka kuutaja.

Kisima, anasema Njechele.

Na papo hapo kisima kipo, katikati ya ngazi, duara la giza lenye mbao zake mwenyewe, mbao alizozipigilia yeye. Anateremka. Hakuna kamba, anashuka kwa viganja na magoti, na harufu ya yai viza inampanda kichwani. Chini kabisa, amechutama kando ya keekee iliyokwama, yuko Makwinya. Huyu ana uso. Ni uso wake uleule wa utani, na lile pengo la jino lililong'oka utotoni. Ananawa mikono kwenye karai la mafuta, ananawa na kunawa, na mikono inazidi kuwa myeusi. Kaka, umechelewa, anasema. Chakula kimepoa.

Njechele anapiga magoti. Anasema, Mdogo wangu, nilisikia. Anasema, Ulivuta mara tatu. Ya kwanza nikadhani kamba inakwaruza mbao. Ya pili nikajua ni wewe. Ya tatu ilikuwa nzito, na wakati uleule mchanga uliopandishwa juu ulikuwa unang'aa, Makwinya, ulikuwa una mafuta, niliusugua kwa kidole ukang'aa, nikasema moyoni asubiri kidogo tu, keekee inaachia sasa hivi, asubiri nihesabu hadi hamsini. Nikahesabu. Nilipovuta nilivuta mzigo. Na ule mng'ao ulikuwa girisi ya mtambo.

Makwinya anakausha mikono kwenye suruali. Nilijua, anasema. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba ile.

Hana hasira, na Njechele angetoa mkono wake wa kulia apate kuona hasira. Twende juu, anamwambia, panda mgongoni kwangu, mimi nitakubeba, twende kwa mkeo. Tukifika juu utausimamisha mtambo? anauliza Makwinya. Ni swali dogo. Njechele anafungua kinywa aseme ndiyo, nalo neno lipo, jepesi, lina silabi mbili tu, na anajisikia akisema, Tukifika juu tutazungumza. Makwinya anacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulisikia, anarudi kuchutama penye karai lake. Haya kaka, anasema. Nenda, wanakuita. Na kutoka chini ya miguu yao kitu kinaanza kupanda, cheusi, cha uvuguvugu, kinamfika Makwinya magotini, kifuani, kidevuni, naye hanyanyuki, anaendelea kunawa, na kinamwinua Njechele peke yake, kinampandisha kupitia udongo wa kijivu, mweupe, mwekundu, upesi kuliko anavyoweza kupiga kelele.

Kofia imeanguka. Jua liko palepale utosini. Mfaume anapiga mayowe, Bwana, yametoka! Yametoka! na vibarua wanarukaruka kama wendawazimu, na juu ya mnara nguzo nyeusi imesimama, inanguruma, inamwaga mvua nzito juu ya mbao, juu ya mikorosho, juu ya mashamba ya mpunga hadi mtoni. Njechele anakinga kiganja. Ni mafuta. Miaka mitatu amekuwa akijiuliza atacheka au atalia. Hafanyi lolote, anageuka kumtafuta Siwatu, na Siwatu yuko pale nje ya jiko, sufuria ya ugali mkononi, kanga imejaa madoa, anaitazama ile nguzo kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani.

Siwatu, anamwambia, nisikilize kabla sijaishiwa nguvu. Siku ile Makwinya aliomba kupandishwa. Nilijua. Nikamwacha.

Siwatu anaweka sufuria juu ya jiwe. Umeshaniambia, shemeji.

Lini?

Jana. Na juzi. Kila ukiamka hapo kwenye magunia unakuja kuniambia, na kila mara unasema mafuta yametoka. Kisha unanawa, unakula, unarudi kazini.

Njechele anakitazama kiganja chake, na mafuta yanatiririka hadi kwenye kiwiko, ya moto, yana harufu, yana uzito. Haya hapa, Siwatu, si unayaona?

Ninakuona wewe, anasema Siwatu.

Na huwa unanijibu nini, nikikuambia?

Nilikujibu siku ya kwanza. Maneno mengi tu. Nililia, nikakulaani, nikakusihi ukifukie kisima. Hukusikia hata moja, ulikuwa umeshaanza kukimbilia kule. Sasa nakupakulia tu.

Anamwekea tonge kwenye sahani, anaifunika kwa sahani nyingine, anajifunga kanga yake vizuri na kuingia jikoni. Njechele anabaki amesimama juani. Anajiambia kwamba kama huku ndiko kuota, basi alale aamke, na kama huku ndiko kuamka, basi amfuate Siwatu, aketi mlangoni pake, asikilize yale maneno yote tangu mwanzo, hata kama yatachukua miaka. Kati ya hayo mawili hajui lililo la kweli, lakini anajua lile linalompasa. Kule mnarani Mfaume anaita, Bwana, njoo! Bwana, tufanyeje? Njechele anasema moyoni, nitarudi sasa hivi, nikaangalie kidogo tu, na miguu imekwisha kumtangulia.