Jukwaa la Chini

Anayefunga mikanda hapendwi na mtu. Kamanda alilijua hilo vizuri, maana tangu tajiri wao avute waya juu ya bonde yeye ndiye aliyesimama jukwaa la juu, kilimani, pale wageni wa kisiwa wanapoanzia safari ya kuteleza wakining'inia kwenye waya huo hadi karibu na ufuko. Walimfikia jasho la woga likiwatoka. Alipowabana mikanda mapajani walimkunjia uso, na alipowaambia waachie nguzo walimtukana kwa lugha zao. Alipowasukuma ndiyo usiseme, ungedhani anachinja mtu. Jina la Kamanda wenzake walimpa kwa ajili ya amri zake: kaa, kunja miguu, usishike waya, nenda.

Ng'ambo ya bonde, jukwaa la chini, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Huyo walimwita Tabasamu. Kazi yake ilikuwa kuvuta breki mgeni anapokaribia, kumdaka na kumfungua, basi. Lakini mgeni anayefika huko ameshaona kwamba hajafa, na furaha yote ya kutokufa anammwagia mtu wa kwanza kumkuta. Walimkumbatia, wakapiga naye picha. Wanawake wazima na heshima zao walimlilia begani. Kamanda aliyaona hayo kutoka juu, kwa mbali.

Kwani nani aliyemfundisha huyo mtoto kazi? Nani aliyekwenda kumbembeleza tajiri amchukue? Leo shukrani zote kwake, na mwalimu wake anaambulia matusi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yao alitundika ukutani, juu ya televisheni, picha ya Tabasamu akiwa amekumbatiwa na mgeni mwenye kofia pana.

"Mama, na yangu mbona haipo?" Kamanda aliuliza wakiwa mezani.

"Yako tungeipata wapi, baba? Nani atampiga picha mtu aliyenuna hivyo?"

Walicheka wote. Tabasamu naye alicheka, kisha akachukua kipande kinono cha nyama kwenye sahani yake akamwekea kaka yake. Kamanda alikila, na kila alipotafuna roho ilimuuma zaidi.

Ndipo tajiri akaleta habari. Alikuwa anaongeza mitumbwi ya kupiga kasia, na safari za kuzamia kwenye matumbawe na kutembea mapangoni, kwa hiyo alitaka mkuu wa waongozaji wote. "Ni mmoja wenu, ninyi wawili," aliwaambia. "Mwisho wa wiki natangaza. Na mkuu atajichagulia mwenyewe pa kusimama."

Kamanda aliutaka ukuu ule mpaka chakula kikamshinda. Akiupata, siku hiyo hiyo angeshuka jukwaa la chini, naye akumbatiwe na watu.

Sasa, redio zao za mkononi zilishakufa kwa chumvi ya bahari, hivyo ndugu hao walizungumza kwa waya wenyewe. Kamanda aligonga kwa spana: mara moja kwa mgeni mzito, mara mbili kwa wa kawaida, mara tatu kwa mwepesi. Tabasamu aliusikia mlio ukipita kwenye chuma, akapanga breki, kile kizuizi kilichopachikwa kwenye waya. Ya mzito aliisogeza mbele, imkamate mapema. Ya mwepesi aliirudisha nyuma kabisa, kwa sababu mwepesi akikamatwa mapema husimama, akarudi kinyumenyume hadi katikati ya bonde, na hapo hubaki ananing'inia kama shati lililosahaulika kambani.

Siku yenyewe ya tangazo alikuja bibi mmoja mwembamba, kiuno cha kushikika kwa viganja viwili. Ng'ambo tajiri alikuwa amesimama na wageni, anatazama kazi. Kamanda alimfunga bibi, akavuta kila mkanda, akavuta tena. Ubaya wake haukufika huko. Hakutaka mtu aumie. Alitaka mdogo wake aumbuke tu mbele ya tajiri.

Akashika spana. Akagonga mara moja.

Bibi aliteleza vizuri, akagusa breki, akasimama, akaanza kurudi. Katikati ya bonde akatulia, miti chini yake, akapiga yowe. Tajiri alishika kichwa. Kamanda aliingoja raha yake, nayo ikaja kidogo.

Haikukaa. Tabasamu alijifunga kwenye waya, akalala chali na kujivuta kwa mikono hadi alipo bibi. Alimwambia nini, Kamanda hakusikia. Alichosikia ni kicheko cha bibi kikivuka bonde. Walipofika jukwaani wageni walipiga makofi na vigelegele, simu zote juu. Kamanda akajiona amempikia mwenzake sherehe.

Jioni tajiri aliwaita. "Nani kakosea?"

Tabasamu alimtazama kaka yake, akamtazama sana, kisha akasema, "Mimi, tajiri. Kaka aligonga tatu. Mimi nilikuwa napiga soga na wageni, nikasikia moja."

"Ushujaa nimeuona," tajiri alisema. "Lakini mkuu wangu hawezi kuwa mtu asiyesikia. Kamanda, kazi ni yako."

Njiani Kamanda alishindwa kuvumilia. "Kwa nini umesema vile?"

"Uliutaka mno, kaka. Ila yule bibi angeweza kupandwa na presha akafia pale juu. Usirudie."

Kamanda angefurahi kama angetukanwa. Hata wema ule aliuonea kijicho: mbona haukumjia yeye?

Jumatatu alisimama jukwaa la chini na fulana mpya ya mkuu, mdogo wake amempandisha kilimani. Asubuhi alikuwa amefanya mazoezi ya kucheka mbele ya kioo. Waya ukalia mara tatu. Akarudisha breki nyuma kabisa, akatanua mikono.

Mgeni alikuwa msichana aliyetoka bara kutembea. Hakuja na mayowe kama wale aliowazoea Kamanda. Alikuja anacheka tangu juu. Kamanda alimdaka, akamfungua. Msichana alimpigapiga begani, "Asante, mzee," kisha akamgeuzia mgongo na kupunga mikono yote miwili kuelekea kilimani.

"Yule kaka wa kule juu anaitwa nani?" aliuliza. "Nilipanda natetemeka, kanichekesha mpaka nimesahau kuogopa. Hebu nipige picha, tafadhali. Lakini na yeye aonekane."

Kamanda aliipokea simu. Ilikuwa simu nzuri. Aliivuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka mdogo wake akatokea wazi nyuma ya msichana, spana mkononi, anapunga. Akapiga.