Picha ya Wasioitwa

"Hao usiwapige," mwanamume yule aliniambia, kiganja chake kikiwa kimeziba lenzi yangu yote.

Jina lake Phares, kifungua mimba wa marehemu. Nyuma yake lilikuwa jeneza la babake, Mzee Shitanda, juu ya meza mbili zilizofunikwa shuka jeupe, kwenye uwanja wa kanisa mtaani Jericho. Mzee alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji, na nusu ya mtaa ilikuwa imefika kumuaga kabla basi halijaondoka kwenda Kakamega. "Hao" walikuwa mwanamke mmoja aliyejifunga leso kiunoni na msichana wa miaka kama tisa, sweta ya shule ikiwa imefungwa vifungo vyote hadi kooni.

Nilikuwa nimewaona tangu asubuhi. Walikuja mapema, wakakaa kwenye viti vya nyuma kabisa karibu na sufuria za chai, na kila mtu akajitia hamnazo. Wamama walimpita yule mwanamke wakisalimia waliokaa kushoto kwake na kulia kwake. Nikajua mara moja kwamba wanamfahamu, kwa sababu mgeni wa kweli huulizwa ametoka wapi.

Asiyejua matanga ya kwetu ataona ni jambo dogo. Watu wakishamaliza kumtazama marehemu, emsii, yaani mwongoza shughuli, hushika maikrofoni na kuanza kuita: watoto wa marehemu, mbele. Wajukuu, mbele. Mashemeji, mbele. Walimu wa shule ya Jumapili, wenzake wa kazini, majirani, chama cha akina mama, hata wale waliowahi kupanga chumba kwake. Kila kundi husimama kando ya jeneza, hukunja uso vizuri, na mpiga picha hupiga. Aliyeitwa ana lake. Nimeshuhudia watu wakibishana mbele ya chifu juu ya shamba, na mmoja akatoa picha ya jeneza mfukoni na mabishano yakaisha pale pale. Ukiwa hukuitwa, basi hukuwa mtu wake.

Siku ile emsii aliita kila mtu. Aliita mpaka kijana aliyekuwa akimletea Mzee gazeti. Yule mwanamke na binti yake hawakuitwa.

Mimi ni Kui, mtoto wa mtaa wa Pipeline. Nyumba za kwetu zimebanana hivi kwamba taa huwaka mchana kutwa, na ukitaka kumpiga mtu picha ya maana lazima umpandishe juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Ndiko nilikojifunzia, na simu yenye kioo kilichopasuka. Majirani walipanda mmoja mmoja, wamejipaka mafuta, nami nikiwasogeza kati ya mashuka nikitafuta mwanga. Picha moja ikamfikia Maingi, mwenye studio ya picha mtaani Umoja, mzee wa kanisa na bingwa wa harusi na matanga. Akaniita. Mwaka mzima nikambebea mifuko na kushika taa.

Maingi alikuwa na sheria moja na aliirudia kila siku: "Mwenye kulipa ndiye mwenye picha." Na alikuwa na kamera moja nzuri, nzito, ambayo niliitamani kuliko chochote duniani. Ijumaa ile alikuwa na harusi, akanituma Jericho peke yangu. "Ukifanya kazi safi," akasema, "kamera hii utatembea nayo wewe. Kazi zako, jina lako." Usingizi ulinipaa. Jina langu, jamani!

Sasa majirani walikuwa wamemaliza kupigwa picha na emsii alikuwa anawatangazia watu wa basi wakae tayari. Hapo ndipo yule msichana alipoinuka. Hakuna aliyemtuma, mamake hata alinyoosha mkono kumzuia akamkosa. Alipita katikati ya viti vyote vile, akasimama upande wa kichwa cha jeneza, akaweka mikono yake pamoja mbele kama alivyoona wengine wakifanya, akanitazama. Kando yake palikuwa na picha kubwa ya Mzee kwenye fremu. Paji la uso la mtoto lilikuwa lile lile, pana na lenye mkunjo mmoja katikati. Mamake akaja nyuma yake mbio, nadhani kumrudisha, na alipofika akakosa nguvu ya kumvuta. Akasimama naye.

Na ndipo kiganja cha Phares kikaja.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Kwani wewe umeletwa na nani?"

"Nimeletwa na matanga. Toa mkono."

"Msichana, nitaongea na Maingi. Leo leo."

"Ongea naye. Lakini mkono utoe."

Watu hupenda niwaambie kwamba nami niliwahi kufukuzwa mahali, kwamba nina kidonda changu. Sina. Baba yangu yuko hai, anashona viatu Kariokor, hunipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Alinilea na msemo wa mwenye nguvu mpishe, nami nimewapisha watu wengi tu. Siku hiyo nilikasirika, basi. Nilimtazama mtoto aliyejipanga vizuri akingoja picha, nikamtazama mtu mzima wa miaka hamsini aliyeogopa picha hiyo, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilirudi nyuma hatua moja, lenzi ikatoka mkononi mwake.

"Mama, mkaribie kidogo," nikaita. "Mshike bega. Haya, mtoto mzuri, nitazame mimi."

Nikapiga mara tatu. Kwenye kiti cha mbele, mjane wa Mzee, Mama Truphena, alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake. Hakusema neno, na Phares, kwa kuwa mamake hakusema, hakujua la kufanya mbele ya watu wote wale. Akampigia emsii kelele aimbishe wimbo.

Nilipofika Umoja, Maingi alikuwa ameketi akiningoja, suti ya harusi bado mwilini. Simu ilikuwa imeshanitangulia.

"Kui, wewe una kichwa ngumu," akasema, bila hasira, na hilo likaniumiza zaidi. "Futa hizo tatu. Futa mbele yangu, halafu kamera ibebe, iende nyumbani na wewe. Nilikuahidi."

Kamera ilikuwa mezani kati yetu. Sitadanganya kwamba sikuitazama. Niliitazama, nikaishika, nikaona nitakavyoitundika shingoni nikipita Pipeline, watoto wakinifuata. Kisha nikafungua kijumba chake, nikachomoa kadi ya picha na kuitia kwenye sidiria, mahali ambapo nilijua mzee wa kanisa hataifuata.

"Lo!" Maingi akasema.

"Alikuwa pale, Maingi. Sikumchora."

"Picha si zako."

"Na mtoto si wako."

Kesho yake nilimrudishia kadi yake na picha zote za familia zikiwemo, safi, hakuna hata moja iliyotikisika. Mimi si mwizi. Zile tatu nilikuwa nimezinakili kwenye simu yangu, na kwenye kadi nilimwachia vile vile. Kama ni kufutwa, azifute yeye kwa kidole chake. Akaniambia nisirudi. Nilitembea mpaka soko la Muthurwa, nikakaa kando ya wauza vitunguu nikalia waziwazi, na mama mmoja akanipa maji bila kuniuliza kitu. Nilikuwa nimeipoteza kamera, na niliipenda kamera ile.

Ilinichukua wiki kadhaa kumpata yule mwanamke. Anaitwa Clare, na alikuwa amepanga chumba Kayole. Nilipompa ile picha kwenye bahasha aliniuliza nani amenituma, akauliza tena, hakuamini kwamba hakuna. Binti yake aliiweka mapajani akaisafisha kwa upindo wa sketi ingawa haikuwa na vumbi. Clare akanitengenezea chai. Akaniambia kuhusu jirani yake aliyeombwa asogee kando kwenye harusi ya dadake kwa sababu alikuwa na mimba. Nikamfuata jirani. Jirani akanituma kwa mwingine. Nikawa nawarekodi na ile ile simu ya kioo kilichopasuka, mlangoni, jikoni, juu ya paa, watu walioambiwa watoke kwenye picha, na kila mmoja nikimaliza namsimamisha katikati na kumpiga. Hivyo ndivyo nilivyotengeneza filamu yangu ya kwanza. Clare alikubali wawemo, yeye na mwanawe.

Tuliionyesha Jericho kwenyewe, katika ukumbi wa mtaa, shuka ukutani na viti vya plastiki. Nilionywa nisiipeleke huko. Niliipeleka huko kwanza.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi, wengine wakatoka kimya. Nilikuwa nakunja shuka nilipomwona Mama Truphena amebaki kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Nilijiandaa kwa matusi, na majibu yangu nilikuwa nayo tayari.

"Yule mtoto," akasema. "Kwa hii sinema yako hawajamtaja jina."

"Mamake alitaka iwe hivyo. Alihofia atasumbuliwa."

"Anaitwaje?"

Vijana waliokuwa wakipanga viti walisimama. Phares alikuwa mlangoni akimngoja mamake, funguo za gari mkononi.

"Mitchelle," nikasema, maana Clare alikuwa ameniambia nisimfiche mjane akiniuliza mwenyewe.

"Mitchelle nani?"

Ningeweza kumwinamia na kumwambia sikioni. Wengi wangefanya hivyo, kwa heshima.

"Mitchelle Shitanda, mama."

Jina lilifika mpaka mlangoni. Mama Truphena alinyanyuka polepole, akaurekebisha mkoba begani, akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Una sauti kubwa wewe," akasema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu, kwa sauti ile ile.