Mutoto wa Nne wa GL

Acha nianze na moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, juu njo kitu Kitshanga yote inaona. Jirani yetu Habumugisha, motard, aliandikisha ku bavette ya nyuma, kale kampira ka kuzuia matope, neno moya ya Kingereza: GLOOM. Rangi nyekundu, nyota huku na huku. Iko jina ya mutoto wake mwenye kuzaliwa juzi. Na mwenye kupana ile jina iko mie, Bénédicte.

Nilimaliza Kingereza ku Goma mwaka juzi, na kila Alhamisi mangaribi nafundisha club d'anglais mu salle ya paroisse. Bantu bananiita Miss, ata bamama ba sokoni. "Miss, tomate iko hapa." Na mie naitika, shingo yote juu.

Mu club nilipata njia yangu ya kufundisha. Nakamata herufi mbili, nafatisha maneno yenye kuanza nazo. Ile wiki ilikuwa GL. Nikaandika ku tableau: glow, mwangaza ya makala. Gleam, mwangaza kidogo yenye kupita. Glitter, kumetameta. Glass, kioo. Glory, utukufu. Nikageuka na chaki mu mukono: "Munaona? GL iko mwangaza. Mukikuta GL, mutafute mwangaza ndani."

Machozi, bibi ya Habumugisha, alikuwa anakaa nyuma na tumbo yake kubwa. Bengine bakaenda, yeye akabakia.

"Miss, niko na Gloire, Glodi na Glorieuse. Huyu wa nne pia anapashwa kuwa GL. Unipatie moya yenye hakuna mwengine hapa iko nayo."

"Juu ya nini iko lazima GL, dada?"

"Mie nilizaliwa mu pori ya Walikale, bantu banakimbia. Baliniita Machozi. Kaka yangu, Mateso. Majina ya vile inatosha mu nyumba."

Ningesema naenda kwanza kutafuta. Lakini nilikuwa na chaki mu mukono, na muntu mwenye chaki hasemake hajue. Kulikuwa neno moya nilionaka mu kitabu, na ile "uu" yake ndefu ilikuwa inanipendeza. "Gloom," nikajibu. "Mwangaza kubwa, ya kujaza nyumba." Sikutaka kudanganya. Niliwaza tu: kama glow, gleam na glitter ni mwangaza, hii itakuwa nini ingine?

Sasa, mu ile famille, mwenye kupana jina njo anatoshaka mutoto inje mara ya kwanza. Anavuka naye mulango, anatamka jina mbele ya bantu, kisha banamupa firigisi ya kuku. Akisha kuvuka, hakuna mwengine mwenye anaweza kutamka. Iko yeye, ao mutoto anarudi ndani bila jina, na ile hakuna muzazi mwenye anaitaka.

Asubui ya siku yenyewe nilitaka kuweka statut ya muzuri ku téléphone, kasentensi na "gloom" ndani. Nikafungua dictionnaire. Ikanijibu: giza, huzuni, kukosa tumaini. Nikasoma tena na miwani ya mama yangu, kama vile miwani ndio itabadilisha.

Nikakimbia kwa Habumugisha nimuambie mbio, mbele bantu bafike. Nikamukuta anaosha moto.

"Miss, karibu chai. Jana, ku njia ya Mweso, muzungu mumoya alisimamisha jeep, akapiga bavette picha. Alicheka mpaka akashika tumbo. Unaona jina ulinipatia?"

"Ninaiona, kaka."

"Leo utakula firigisi mbili."

Mie mwenye mudomo haifungake, siku ile ikafunga. Nikakunywa chai yao. Kila nikitaka kusema, muntu mwengine alikuwa anaingia na kiti ao na sufuria. Kisha bamama bakanifunga kikwembe mupya, bakaniwekea mutoto mu mikono, bakanisukuma ku mulango. Nikavuka.

Mbele yangu, ku kiti, Mama Mukamurenzi, mama ya Habumugisha. "Tamka, Miss."

Mutoto alikuwa na joto, ananukia maziwa. Nikaangalia masikio yake, yenye itasikia ile jina maisha yote.

"Mama, jina iko mubaya. Gloom haiko mwangaza. Iko giza. Iko huzuni."

Kisha sauti moya nyuma: "Na moto je?" Bantu bakacheka kidogo, bakaacha. Habumugisha akaenda pole kusimama mbele ya bavette yake, kama muntu anaficha kidonda.

"Ulijua tangu lini?" Machozi akaniuliza.

"Tangu asubui."

"Asubui ulikunywa chai kwangu."

Nikahamisha mutoto ku mukono ingine.

"Amekwisha kuvuka," Mama Mukamurenzi akasema. "Atoshe jina ingine."

"Glad," nikasema. "Maana yake, mwenye furaha."

"Uko sure?"

"Niko sure, mama."

"Na ile ingine, ulikuwa sure namna gani?"

Pale pale akatuma Habumugisha kwa Padiri Isidore, mwenye alisomaka Nairobi. Moto ikaondoka, na ile GLOOM nyekundu ikashuka njia yote, bote tukaifatisha na macho.

Tukangoja. Jua ikapanda. Mikono ikaanza kuniuma, na hakuna mwenye angeweza kunipokea. Shema, mwanafunzi wa club yangu, alikuwa anaelezea jirani yake mambo ya GL, polepole, na mie nasikia kila kitu.

Habumugisha akarudi, ata moteur hakuzima. "Padiri anasema iko vile. Glad, mwenye furaha."

"Basi tamka," mama yake akaniambia.

"Glad."

"Na nguvu. Ile ya giza uliisemaka na nguvu."

Nikapandisha sauti. Bamama bakapiga vigelegele, fupi. Machozi akakuya kukamata mutoto wake mu mikono yangu, akaingia naye ndani, hakuniangalia.

Nikageuka niende. Mama Mukamurenzi akanionyesha kiti. Bakaleta sahani, firigisi moya katikati. Kuikataa ni kukataa mutoto. Nikakaa, nikatafuna. Ilikuwa ngumu, na bote balikuwa banangoja nimeze.